Rangi mpya imemenyuka tena? Kabla hujanunua ndoo nyingine soma hapa

Masika ikishapita, kuanzia mwezi wa sita hivi, ndio watu wengi hapa Dar tunaanza kuzitazama nyumba zetu vizuri, na mengi yanayoonekana yanauma: ukuta umebabuka nyuma ya kochi, silingi ina duara la kahawia, grili za madirisha zimelia kutu mpaka chini ya dirisha, na kule nje upande unaopigwa jua la jioni rangi ukiigusa inabaki mkononi kama unga wa sembe. Basi anaitwa fundi rangi, anapewa hela ya ndoo mbili, baada ya wiki nyumba inang'aa, na masika inayofuata tunarudi palepale. Nimeliona hili kwa ndugu, kwa majirani, na kwenye nyumba niliyokuwa naisimamia mwenyewe, na siku hizi mtu akiniambia rangi imebanduka siulizi alinunua ya kampuni gani, nauliza maji yanatokea wapi. Matatizo mengi nitakayoyataja hapa ukiyafuata mpaka mwisho wake unakuta maji.

Naandika kwa dalili, we tafuta ya kwako.

Rangi inamenyuka chini, kati ya sakafu na kiuno

Hii nitakaa nayo maana ndio inayokula hela za watu kuliko zote. Mama yangu mdogo anakaa Kigamboni, alipiga rangi sebule kwa ajili ya send-off ya binti yake, rangi nzuri ya silki, ikapendeza kweli. Miezi minne baadae ukuta wa nyuma ya kochi ukaanza kuvimba usawa wa goti, ukibonyeza kwa kidole unasikia "krrr" kama ganda la yai, ukilivunja ndani kuna unga mweupe. Akarudia rangi. Ikarudi. Akabadilisha fundi, huyo fundi akakwangua, akaziba na gipsamu poda, akapiga rangi ya bei ghali zaidi, na safari hii ilidondoka haraka kuliko zile mbili za kwanza, tena na gipsamu yake.

Huo unga mweupe wenyewe wanauita magadi au chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini ndani ya tofali na lipu, yanabeba chumvi iliyopo kwenye udongo na kwenye simenti na mchanga wenyewe, yakifika juu ya ukuta maji yanakauka, chumvi inabaki, inajikusanya nyuma ya rangi mpaka inaisukuma nje. Kwa hiyo hata upake rangi ya ikulu, inasukumwa tu. Na gipsamu ndio usiiweke kabisa sehemu ya chini yenye unyevu, gipsamu inakunywa maji na inalainika, ile ni ya ndani sehemu kavu.

Kabla ya kugusa chochote pima. Chukua kipande cha nailoni nene, sentimita 30 kwa 30 inatosha, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasibaki upenyo, kiache siku moja mpaka mbili. Ukikuta matone upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukikuta unyevu uko upande wa chumbani na nyuma ya nailoni pakavu, hiyo ni hewa ya chumba, nenda kwenye habari ya fangasi huko chini. Kwa mama mdogo nailoni ilikuwa imejaa matone kama mfuniko wa sufuria ya wali.

Sasa maji hayo yanaingilia wapi? Angalia urefu. Unyevu unaopanda kutoka ardhini mara nyingi unaishia kama mita moja, na unachora mstari unaotambaa ukuta mzima. Kama ni kiraka kimoja tu, tena ukuta wa nyuma yake ni bafu au jiko, shuku bomba au grauti ya tailizi (ile ya kujazia maungio) iliyokufa. Bomba linapimika kirahisi, funga koki zote ndani ya nyumba, hakikisha tangi halijazwi, nenda kaangalie mita ya maji, kama kile kigurudumu kidogo kinazunguka na hamna mtu anatumia maji basi kuna sehemu yanavuja. Kama ukuta umelowa nje pia, chini ya bati lisilo na gata, yale ni maji ya paa yanadondoka yanaruka kutoka chini na kupiga ukuta kila mvua.

Kwa mama mdogo haikuwa bomba wala maji ya paa. Tulizunguka nje, nikachimba kidogo kwa jembe pale ukutani, nikakuta ile nailoni ya msingi, inayowekwa wakati wa kujenga kuzuia unyevu wa ardhi usipande, iko chini ya ardhi. Nyumba ilipojengwa uwanja ulikuwa chini, baadae wakamwaga kifusi, juu yake wakatandika pevingi, uwanja ukapanda ukaipita kinga ya unyevu, kwa hiyo udongo uliolowa umeegemea ukuta moja kwa moja mwaka mzima. Hii iko kwenye nyumba nyingi sana za hapa mjini, kila barabara ikiinuliwa na sisi tunainua uwanja, tukisahau ukuta uko palepale. Angalia yako leo, uwanja unatakiwa uwe chini ya ile nailoni kama sentimita 15.

Tulitoa mstari mmoja wa pevingi pembeni ya ukuta, tukachimba mpaka chini ya nailoni, tukaweka kokoto tupu, na tukaupa mtaro mteremko wa kwenda mbali na nyumba. Ndani tukabomoa lipu mpaka juu kidogo ya pale palipoishia unyevu, halafu, na hapa ndio watu wanashindwa, tukaacha. Tofali lilikaa wazi miezi mitatu linapumua. Chumvi iliyotokea tuliipiga brashi kavu na kuizoa kwa kizoleo, usiioshe kwa maji, ukiiosha inayeyuka inarudi ndani. Baada ya hapo lipu mpya ya simenti na mchanga wa mto, moja kwa nne, yenye dawa ya kuzuia maji. Mchanga wa baharini hapana, hata ukipewa bure, unajiwekea chumvi mwenyewe ukutani. Lipu mpya nayo ikakaa mwezi mzima kabla ya praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia. Mama mdogo alilalamika sana kuhusu ule ukuta mtupu mbele za wageni na namwelewa, ila umepita masika mbili sasa na ukuta upo.

Kama nyumba haikuwekwa kinga kabisa wakati wa msingi, hiyo ni kazi ya kukata ukuta kwa vipande ili kinga ipitishwe, au kudunga dawa kwenye matundu, mtafute fundi ujenzi aliyewahi kuifanya, usimwachie fundi rangi.

Na wenzetu mnaoishi kwenye nyumba za zamani za mawe na chokaa, Mji Mkongwe Unguja au Lamu, kwenu ni tofauti. Ile kuta imejengwa ipumue. Ukiifunika kwa lipu ya simenti na rangi ya plastiki unyevu unakosa pa kutokea, unabaki ndani na ukuta unaoza kuanzia ndani. Rudisheni lipu ya chokaa na rangi ya chokaa, hata kama fundi anaiona ya kizamani.

Rangi inatoka kama ngozi, vipande vikubwa, na ukuta wenyewe ni mkavu

Nailoni haijaonyesha kitu lakini rangi inabanduka tu? Basi rangi haijashika kilicho chini yake. Tazama mgongo wa kipande kilichotoka. Kikiwa na unga, chini kulikuwa na chokaa au vumbi la msasa ambalo halikufutwa. Kikiwa laini kinateleza, rangi ya maji imepigwa juu ya rangi ya mafuta. Hii nyingine unaweza kuijua mapema, chovya pamba kwenye spiriti usugue ukuta, rangi ya maji inalainika na kuja na pamba, ya mafuta haisogei. Kama ni ya mafuta, ipige msasa mpaka ule mng'ao ufe, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, weka andakoti, yaani rangi ya chini, ndio uje na rangi yako.

Nyumba ikiwa ya zamani sana tafadhali usipige msasa mkavu kwenye rangi ya mafuta ya milango na madirisha. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, vumbi lake linadhuru ubongo wa watoto. Lowesha kwanza, kwangua ikiwa imelowa, vaa barakoa, watoto wahame kwa hizo siku, na takataka zikusanye zote. Vilevile yale mabati ya zamani ya asbesto, yale ya kijivu mazito, msiyakate wala kuyatoboa, wala kuyasugua ili mpake rangi.

Silingi ina duara la kahawia

Maji ya mvua, au tangi, au bomba la juu. Lakini usitoboe palepale penye duara ukidhani tundu liko juu yake, maji yanaingia sehemu moja yanatambaa kwenye kenchi (mbao zinazobeba paa) mita hata mbili tatu ndio yanadondoka. Panda darini mchana na tochi, kwanza zima tochi uone kama kuna mwanga unapenya, halafu fuata alama ya maji kwenye mbao ukipanda juu, sio ukishuka. Usipoona kitu, mtu mmoja akae darini mwingine apande na mpira wa maji, aanze kulowesha bati kutokea chini akipanda taratibu, kila sehemu dakika chache. Ukianzia juu maji yanashuka yanalowesha kila kitu na hutajua tundu ni lipi.

Wahalifu ni walewale, misumari iliyolegea na mpira wake umekufa kwa jua, kofia ya paa, na pale paa mbili zinapokutana pakiwa pamejaa majani ya mwembe. Zibua, badilisha misumari, halafu subiri mvua moja kubwa ipite ndio urudi kwenye silingi. Duara lenyewe ukilipiga rangi ya maji moja kwa moja litatokeza tena baada ya siku mbili, lazima ulizibe kwanza na andakoti ya mafuta. Gipsamu ikiwa imelala au imelainika, kata hicho kipande weka kipya, haijinyooshi.

Fangasi nyeusi bafuni, nyuma ya kabati, kwenye kona

Tangu tuanze kutoa madirisha ya zamani na kuweka ya alumini ya kuteleza hili tatizo limeongezeka, na sababu inaonekana kwa macho: dirisha la kuteleza linafunguka nusu tu, na yale matundu ya hewa ya juu ya dirisha tuliyaziba tulipokuwa tunapendezesha. Hewa yenye mvuke wa kuoga na kupika haina pa kutokea, inaenda kulala kwenye kona yenye baridi.

Changanya jiki kipimo kimoja na maji vipimo vitatu, paka, acha robo saa, sugua, suuza, rudia siku ya pili. Madirisha yote wazi, vaa glovu. Na jamani, jiki isichanganywe hata kidogo na ile asidi ya kuoshea choo wala na dawa yenye amonia, inatoa gesi inayoumiza mapafu, kwenye bafu dogo ni hatari kabisa. Ukishamaliza sogeza kabati liachane na ukuta kama upana wa kiganja, zibua matundu ya hewa na uyawekee wavu wa mbu. Rangi ya kuzuia fangasi ipo na inasaidia, lakini ukiipaka juu ya fangasi iliyo hai umeifunika tu.

Nyufa

Hapa naomba tuwe makini maana kuna nyufa za urembo na kuna nyufa za kukuamsha usingizini. Vile vistari vyembamba kama unywele, vimetawanyika kama ramani, ni lipu ilikauka haraka, fundi hakuimwagia maji zile siku za mwanzo au alizidisha simenti. Kwangua kidogo, ziba, msasa, rangi. Mstari ulionyooka unaofuata nguzo au lenta (ule mkanda wa zege juu ya madirisha) ni zege na tofali vinavyotanuka tofauti, unaupanua kidogo, unaweka wavu wa kuku chini ya lipu, na kwa ndani unatumia kizibio kinachovutika.

Ufa unaopanda kama ngazi ukifuata tofali, au unaotoka kwenye kona ya dirisha kwa ulalo, tena huku mpana kule mwembamba, huo usiuzibe kwanza. Chora mstari kwa penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe, pima upana kwa rula, rudi kila mwezi kwa miezi sita ikipita mvua na kiangazi. Usiposogea na ni mdogo, ziba. Ukiwa unakua, au umeshapita milimita 5, au mlango wa karibu umeanza kukwama, mwite mhandisi auone msingi. Sababu mara nyingi ni maji tena, shimo la choo limejengwa karibu mno, bomba linalowesha udongo wa chini, au udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi.

Na zege likipasuka kwenye nguzo ya kibaraza au ukingo wa balkoni, ukaona rangi ya kutu inatoka ndani, hiyo ni nondo inaoza. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kwa hiyo inalipasua zege kutokea ndani. Karibu na bahari iko sana. Gonga utoe zege lote bovu mpaka nyuma ya nondo, isugue mpaka ing'ae, ipake dawa ya kutu, ndio ujaze. Nondo ikiwa imeliwa imebaki nyembamba, hapo sio kazi ya kiraka tena, msimamishe fundi, tafuta mhandisi.

Nje: rangi inatoa unga, grili zina kutu

Unga ni jua limekula gundi ya rangi. Inatokea haraka zaidi kama fundi alitumia rangi ya ndani huko nje au aliizidishia maji. Hili la maji nalisema kwa uchungu, mimi mwenyewe niliwahi kumwacha fundi peke yake nusu siku, nikarudi nikakuta ndoo mbili zimekuwa tatu. Kwenye kopo imeandikwa kiwango cha maji kinachoruhusiwa, soma, na uwepo wakati inachanganywa. Kurekebisha: osha kwa brashi na maji ya sabuni, acha ikauke vizuri, paka praima inayoshika unga, halafu koti mbili za rangi ya nje. Piga upande ambao jua halijafika au limeshaondoka, saa saba mchana ukuta unachoma, rangi inakauka kabla ya kujilaza na unabaki na michirizi ya rola.

Grili kwangua mpaka uone chuma cheupe, redoksaidi (ile rangi ya kuzuia kutu) siku hiyohiyo, ukilala bila kupaka upepo wa bahari umeshaanza kazi. Halafu rangi ya mafuta koti mbili. Kazia macho pale grili inapozama ukutani, ndipo maji yanapotuama.

Mlango wa mbao unaokwama masika tu, usikimbilie randa. Subiri ukauke, halafu ushushe kwenye bawaba uangalie ukingo wa juu na wa chini, utakuta mbao tupu, fundi alipaka panapoonekana tu. Paka na huko.

Rangi haijashika vizuri, mabaka mabaka

Ama ukuta haukupata praima ukanywa rangi huku zaidi ya kule, ama ndoo zako ni za michanganyiko tofauti. Nunua zote siku moja, angalia namba iliyo kwenye kopo zifanane, na zimimine kwenye pipa moja uzichanganye. Hesabu kabla: chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 3 kina ukuta wa mita za mraba 39, toa mlango na dirisha inabaki kama 35, koti mbili ni 70. Lita moja kwenye ukuta laini inafunika mita za mraba 10 hivi, kwa hiyo ni lita 7, na ukuta mbichi unakula zaidi. Fundi akikuambia ndoo mbili za lita 20 kwa chumba hicho, kaa nae mfanye hesabu upya.

Nyumba imeshapigwa rangi, dalali analeta wateja, wanaangalia na kuondoka

Hili nalo lina sababu zake na mara nyingi ni ndogo. Mtu anaombwa kodi ya miezi sita kwa mpigo, lazima atazame kila kitu. Simama getini kama mgeni, ingia polepole. Utaona kisichoonekana ukiwa unaishi humo: geti linakwaruza, nyavu za dirisha zina vumbi la mwaka mzima zinakula mwanga, swichi zina alama za vidole kwenye ukuta mpya, taa moja nyeupe kama ya hospitali na nyingine ya njano kwenye chumba kimoja. Osha nyavu, badili vifuniko vya swichi, taa ziwe za aina moja. Kama kuna vitu ndani punguza nusu, kabati kubwa lisizibe dirisha, kochi lisizibe njia, na mapazia mazito weka mepesi. Picha za kutuma zipigwe asubuhi madirisha yakiwa wazi.

Halafu harufu. Nyumba niliyokuwa naisimamia ilikaa tupu miezi miwili, wateja watatu walifika mpaka mlango wa bafu wakageuka, mimi nikadhani choo kimeziba, nikaita fundi bomba. Akainama tu, akamulika kwa simu kile kitundu cha maji cha sakafuni. Chini yake bomba limepinda na lile pindo linatakiwa kuwa na maji muda wote ndio yanazuia hewa ya shimo, sasa bafu halikuogewa miezi miwili, maji yamekauka. Akamwaga jagi moja. Jioni harufu hakuna. Kwa hiyo kila wiki mpaka mpangaji aingie, jagi moja kila kitundu cha sakafuni, kila sinki, na choo ukivute.